Septrini ya Mzee Madatali

Simu ya maabara ilimkuta Asumpta amesimama mlangoni mwa chumba chake cha kupimia wagonjwa, mkononi kikombe cha chai ya saa nne ambayo alikuwa hajaigusa, na sasa ilikuwa saa nane na robo mchana.

"Una mgonjwa anaitwa Madatali?" aliuliza msichana wa upande wa pili. "Potasiamu yake ni saba nukta moja. Tumerudia kipimo mara mbili."

Asumpta aliweka kikombe juu ya faili za watu. Potasiamu ya mtu mzima haitakiwi kuvuka tano na kidogo. Ikifika sita unaanza kumtafuta mgonjwa. Ikipita saba, moyo unaweza kusimama mtu akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, asipate hata nafasi ya kusema naumwa.

"Nimepokea," alisema, akakaa chini.

Ilikuwa Februari ya mwaka 2013, na Asumpta alikuwa na mwaka wa nne katika kliniki ile ya wanajeshi wastaafu mjini Toronto. Alitoka Kibosho akiwa nesi wa zahanati. Huku alirudi darasani akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakisomesha watoto, akafanya mitihani juu ya mitihani, mpaka akapata leseni ya kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa mwenyewe, bila kusubiri sahihi ya daktari. Siku alipoipata hiyo leseni mumewe Japhet alichinja kuku watatu. Hakuna aliyemwambia siku ile kwamba mtu anayeweka sahihi peke yake huogopa peke yake.

Mzee Madatali alikuwa mgonjwa wake tangu mwanzo. Mwismaili wa Tanga, aliyehamia Kanada na wazazi wake mwaka sabini na mbili, akajiunga na jeshi la huku kama fundi wa magari. Alitumikia miaka ishirini, Saiprasi mara mbili na Bosnia mara moja, akarudi na masikio mabovu na mgongo mbovu zaidi. Mkewe alishafariki. Binti yake aliishi Kalgari, mwendo wa saa nne kwa ndege. Kila akija kliniki aliwatangazia wazee wenzake barazani, "Mimi natibiwa na sista wa kwetu," kisha akaingia na kusubiri shikamoo yake.

Ijumaa iliyopita alikuja na UTI. Asumpta akamwandikia septrini. Kule zahanatini alikuwa akigawa septrini tangu asubuhi mpaka jioni, kwa watoto, kwa wajawazito, kwa kila aliyekohoa na kila aliyelalamika mkojo unamchoma. Mkono wake uliizoea dawa hiyo kama unavyozoea chumvi. Na leo asubuhi, Alhamisi, mzee alirudi kuangaliwa.

"Mkojo mzuri sasa, binti yangu," alisema. "Lakini miguu mizito. Kama nimevaa mabuti yaliyojaa matope."

Asumpta alifikiri ni uchovu wa ugonjwa, na umri, na baridi. Alimtoa damu kwa ajili ya uhakika tu, akamwambia aende nyumbani akapumzike. Nje walikuwa wakingoja watu kumi na saba.

Sasa alifungua faili lake kwenye kompyuta. Orodha ya dawa ikatokea. Vidonge viwili vya presha, na vyote viwili, kila kimoja kwa namna yake, huzuia potasiamu isitoke mwilini. Septrini nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa kijana mwenye figo nzima isingekuwa neno. Kwa mzee wa miaka sitini na sita ilikuwa sumu ya polepole. Chini ya jina la dawa palikuwa na mstari mdogo wa rangi ya njano: *Onyo limetolewa. Onyo limepuuzwa.* Na jina lake, na saa, na dakika.

Alikumbuka kile kisanduku cha njano. Kilijitokeza kwa kila mgonjwa, kwa kila dawa, hata kwa panadoli. Alikibonyeza kiondoke kama mtu anavyofukuza nzi.

Alipiga simu nyumbani kwa mzee. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu alijikuta anasema kwa sauti, "Pokea, mzee, pokea," huku akijua kwamba Mzee Madatali akivua vile vifaa vyake vya masikioni, hata bomu halimshtui. Akapiga namba ya dharura, akatuma gari la wagonjwa mtaa wa Downsview, kwenye ghorofa la mzee nyuma ya maghala. Kisha akangoja. Alijaribu kumpigia yule binti wa Kalgari; naye hakupokea.

Baada ya dakika kumi na nane wakampigia. Msimamizi wa jengo amewafungulia. Nyumba tupu, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu.

Asumpta alitoka mbio mpaka mapokezi. Pale alikaa Razia, mama wa Kimombasa aliyejua ndoa na misiba ya kila mgonjwa.

"Mzee Madatali alisema anakwenda wapi?"

"Si leo Alhamisi?" Razia akamshangaa. "Alhamisi huenda kumnyoa Taki. Kwani hajakwambia? Kila wiki haachi, tangu mwenzake apate kiharusi."

Alikuwa amemwambia. Asumpta sasa alikumbuka mzee akisema kitu kuhusu wembe na rafiki, wakati yeye anaangalia saa ya ukutani. Hakusikiliza, na alichokiandika kwenye faili kilikuwa miguu tu.

Taki alikuwa Mgiriki, dereva wa jeshi aliyekuwa Bosnia pamoja na mzee. Naye alikuwa na faili hapohapo klinikini, na anwani yake ilikuwa mtaa wa Crescent Town, ghorofa ya kumi na moja, jengo la pili kutoka lile alimokuwa akiishi Asumpta mwenyewe. Razia akawarudia watu wa gari la wagonjwa kuwapa anwani mpya. Wakasema wako mbali, watatuma gari jingine. Asumpta akapiga simu kwa Taki.

Ikapokewa mara moja. Kwanza akasikia maji yakichuruzika, kisha mtu akihema.

"Taki? Mimi Asumpta, nesi wa kliniki. Madatali yuko hapo?"

Kiharusi kilikuwa kimemwachia Taki kiti cha magurudumu, mkono mmoja na maneno machache, na hayo machache aliyatafuta kila mara kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Ndiyo," alisema hatimaye. Kisha, "Chini."

"Ameanguka?"

"Chini. Chini." Sauti ilikuwa inatetemeka.

"Anapumua?"

Maji yaliendelea kuchuruzika. Asumpta alijiona kama anasikiliza kupitia ukuta. "Ndiyo," alisema Taki. "Macho... ndiyo."

"Mlango umefungwa?"

"Mnyororo."

Asumpta alifunika simu kwa kiganja, akachukua simu yake ya mkononi kwa mkono wa pili. Japhet alikuwa nyumbani amelala. Alifanya zamu ya usiku kwenye ghala. Simu iliita mara sita.

"Mama Wema, kuna nini?"

"Baba Wema, amka. Nenda jengo la pili, lile la kona, ghorofa ya kumi na moja, nyumba namba saba. Mzee ameanguka. Usiulize, kimbia."

Japhet hakuuliza. Asumpta alisikia mlango ukibamizwa.

Akarudi kwa Taki. "Sikiliza, Taki. Weka simu mapajani. Sukuma kiti mpaka mlangoni, utoe mnyororo. Mtu anakuja, ni mume wangu. Polepole, usimguse Madatali na magurudumu."

Alisikia gurudumu likikwaruza, likigonga kitu, likirudi nyuma. Mtu mwenye mkono mmoja akisukuma kiti cha magurudumu huzunguka badala ya kwenda mbele. Asumpta alilijua hilo, na alisimama pale amefumba macho, akihesabu kila mgongano ukutani. Razia alikuwa amemshika bega. Wagonjwa kumi na watatu barazani walikuwa wamegeuka kumtazama.

Mnyororo ukalia. Ukalia tena. Kisha sauti ya Japhet, akihema kama farasi: "Hodi! Hodi humu!"

"Muulize mzee jina lake," Asumpta alipiga kelele, kana kwamba simu haitoshi. "Shika mkono, hesabu mapigo!"

Japhet akachukua simu. "Yuko macho. Mapigo yako mbalimbali mno, Mama Wema. Nahesabu... ngoja... yanachelewa. Ananiambia nimalizie ndevu za mwenzake, upande mmoja umebaki."

Asumpta alitaka kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Watu wa gari la wagonjwa walifika baada ya dakika tano. Moyo wa Mzee Madatali ulikuwa ukipiga mara thelathini na mbili kwa dakika. Walimchoma dawa za kuulinda moyo palepale sakafuni, wakambeba. Jioni ile, Asumpta akiwa bado na koti lake jeupe, simu ya hospitali ikaja: potasiamu inashuka, mzee ameomba chai.

Ijumaa Daktari Khalil, mkuu wa kliniki, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. "Andika ripoti kwamba dawa ziligongana," alisema. "Hutokea. Na wewe ndiye uliyempata. Ungekata tamaa simu isipopokewa, kama wengine, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Usijitie kitanzi."

"Nitamwambia mwenyewe, daktari."

"Mwambie dawa ziligongana."

Usiku ule hakula, na Jumamosi asubuhi alipanda treni kwenda hospitali. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akayapanga upya. Angeweza kupoteza leseni. Mzee angeweza kushtaki. Wema, binti yao, alikuwa na miaka kumi, naye alishaanza kuwaambia watu shuleni kwamba mama yake ni kama daktari.

Mzee Madatali alikuwa ameegemea mito, waya zikiwa zimemjaa kifuani. Alitabasamu kumwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mumeo hajui kunyoa. Nimeambiwa Taki ana shavu moja la mzee na jingine la kijana."

Asumpta hakukaa. Alingoja mzee aweke vifaa vyake masikioni, maana hakutaka kulisema jambo hili mara mbili. "Mzee, hukuanguka kwa sababu ya umri. Ni dawa niliyokupa mimi. Haikufaa pamoja na vidonge vyako vya presha. Kompyuta ilinionya, nikapuuza. Nilikuwa na haraka. Kosa ni langu."

Tabasamu la mzee lilitoka usoni taratibu. Alitazama dirisha. Mashine iliendelea kuhesabu moyo wake, na Asumpta aliisikia kila hesabu.

"Kwenye gereji ya jeshi," alisema mzee bila kumgeukia, "fundi akifunga breki vibaya kwenye gari moja, hatumwulizi kuhusu gari lile. Lile tumeshaliona. Tunamwuliza, amefunga magari mangapi wiki hiyo." Sasa akamtazama. "Nani mwingine umempa?"

Katika siku mbili zile za kujilaumu, hilo Asumpta hakuwa amelifikiria hata mara moja.

"Sijui," alisema.

"Basi unafanya nini hapa?"

Hakusubiri Jumatatu. Alimpigia Razia, wakafungua kliniki Jumamosi ileile mchana, wanawake wawili katika jengo lenye baridi. Walipitia faili za mwaka mzima. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameandikiwa septrini, si na yeye peke yake. Ukimwacha Mzee Madatali, sita kati yao walikuwa kwenye vidonge vya presha vya aina ile, na watano walikuwa wameshamaliza dozi zamani na kupimwa salama.

Wa sita alikuwa mwanamaji mstaafu wa miaka themanini na nne. Alikuwa siku ya nne ya dawa. Sahihi ilikuwa ya Asumpta.

Simu iliita. Ikaita tena. Razia alikuwa anauma ukucha. Asumpta alikuwa ameshafungua ukurasa wenye anwani ya mzee, tayari kutuma gari.

"Nani?" mzee alifoka, amekasirika. "Nilikuwa nje nazoa theluji!"

"Liache koleo chini," alisema Asumpta. "Kaa. Usimeze kidonge kingine. Nakutumia gari." Potasiamu yake ilikuwa sita nukta mbili. Alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani akilalamikia chakula cha hospitali.

Baraza la wauguzi lilimwandikia Asumpta barua ya onyo. Hakupoteza leseni. Mzee Madatali hakushtaki, lakini alijaza fomu ya kuhamia kwa Daktari Khalil, na Asumpta mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuisaini. Aliisaini. Machi yote na Aprili yote walipishana ukumbini. Yeye akatoa shikamoo, mzee akajibu marahaba, akapita. Asumpta aliendelea kusoma kila kisanduku cha njano mpaka mwisho, hata cha panadoli, na foleni yake ikawa ndefu kuliko ya mtu yeyote. Wagonjwa walinung'unika, na usiku alikuwa akishtuka na kuhesabu upya dawa za watu kichwani.

Katikati ya Juni mlango uligongwa. Mzee Madatali alisimama pale na mfuko wa plastiki umejaa vichupa.

"Daktari Khalil ni mzuri," alisema, "lakini haongei. Ananitazama kama risiti."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Bado nina hasira na wewe."

"Najua, mzee."

"Ujue hivyo." Alikaa, akavimwaga vichupa mezani. "Haya. Soma kimoja kimoja. Kidonge hiki cha nini, na kikikutana na hiki kinafanya nini. Nina siku nzima."

Razia alichungulia mlangoni kusema kwamba watu tisa wanangoja. Asumpta alimwambia wangoje. Akachukua kichupa cha kwanza, akakisogeza karibu na mwanga, na kuanza kusoma.