Mitungi Minne ya Kutuliza Miguu

Kocha alituambia mechi ikiisha tutumbukize miguu kwenye maji baridi dakika kumi, kisha ya moto, misuli ipate nafuu. Rahisi kusema! Huku kwetu Eastleigh mfereji umekauka tangu Jumatano. Basi nikatoka uwanjani hoi, nikabeba mitungi minne kutoka kwa muuza maji hadi ghorofa ya tano, miwili miwili. Miwili nikaimimina baridi, miwili nikaichemsha; nilipoketi hatimaye, miguu ilitetemeka ndani ya beseni.

Mke wangu Muthoki akachungulia. Nikadhani atanihurumia.

“Ndolo, usiyamwage,” akasema. “Ya baridi nitafulia jezi yako, ya moto nitapigia deki.”

“Na ya kupikia?”

“Ya kupikia bado hujaleta.”