Ngaramtoni, Mama Violet Hajambo

Tangu mkewe Kandida azikwe, Mzee Sylvanus hakuwa na la kumtoa nyumbani kwake Kimandolu. Binti yao Violet alikuwa amesharudi kazini Mwanza, majirani nao wamepunguza miguu, na nyumba ikawa kimya hata friji ikinguruma anashtuka. Maharage yalipokwisha ndipo alipokwenda sokoni Ngaramtoni, alikozoea kununua mkewe.

"Shikamoo, Baba Violet!" Mama Lerionka, muuza maharage aliyewahi kuwaona pamoja mjini, alimchangamkia. "Leo mama kakutuma?"

Kumbe habari za msiba hazijamfikia. Mzee alifungua mdomo aseme, likatoka jingine. "Miguu inamsumbua kidogo."

"Pole yake. Basi nikuchagulie mwenyewe, maana yule akiona punje moja imetobolewa, sina amani! Na lazima atafune moja mbichi. Namwambia, mama, utavunja jino. Ananijibu, jino si langu?"

Mzee akacheka. Miaka yote ya ndoa, hilo hakulijua.

Ikawa hakosi siku ya soko. Maharage ya juzi hayajaguswa, yeye huyoo, anafuata mengine. "Mama anaendeleaje?" "Hajambo kidogo." Kwingine kote Kandida alikuwa marehemu, pale penye magunia alikuwa mgonjwa wa miguu tu, na miguu hupona.

Siku moja Mama Lerionka akasema, "Nielekeze kwako, kesho nije kumwona. Nimempatia dawa ya kuchua."

Mzee akainamisha kichwa. "Usije, mama. Kandida alifariki. Nilipokuja hapa mara ya kwanza, tulikuwa tumeshamzika."

Mama Lerionka aliweka kopo lake chini polepole. "Na salamu nilizokuwa nikimtumia?" aliuliza. "Umeninyima kumlilia, baba. Yule alikuwa rafiki yangu."

Haikuwahi kumpitia Mzee akilini kwamba Kandida alikuwa wa mtu mwingine pia.

"Nisamehe," alisema. "Ni hapa tu nilipopata mtu anayemuulizia kama mtu aliye hai."

Mama Lerionka alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akamsogezea kigoda. "Kaa. Niambie mwisho wake ulikuwaje."

Alitaka kueleza habari za hospitali, lakini yaliyomjia yalikuwa mengine: jinsi Kandida alivyomimina chai kwenye kisahani, akaipuliza huku amefumba macho, jinsi alivyobishana na redio, jinsi alivyovaa kandambili za mumewe, kubwa kama nini, akaziburuta uani kila asubuhi mpaka Mzee akawa anamkaripia. Wateja walikuja, Mama Lerionka akawaashiria wasubiri.

Jua lilipoinama, waliagana. Mama Lerionka hakumwambia arudi, wala hakumkataza.

Kimandolu, Mzee Sylvanus alifunga mlango, akaketi kwenye kiti kilicho karibu. Siku ya mazishi alisimama macho makavu, watu wakamsifu kwa ujasiri. Sasa alimlilia mkewe kwa sauti, bila kujali nani anasikia.