Majani ya Nje Tu

Wifi yangu Pirihira aliingia jikoni bila kubisha, ana matope mpaka magotini, akabwaga fungu la majani ya harakeke, ule mmea wetu wa kusukia, juu ya mkate niliokuwa nakata.

"Tazama, Ngahuia. Tazama alichofanya mumeo."

Nikatazama. Yalikuwa machipukizi ya katikati, yale laini tunayoyaita mtoto, pamoja na majani mawili yanayomkumbatia huku na huku, ambayo ni wazazi wake. Hayo hayaguswi. Anayetaka kusuka mkeka au kikapu hukata majani ya nje, yaliyokwisha kuzeeka, na kuiacha ile familia ya katikati iendelee. Ukimkata mtoto, shina linaoza. Kwetu mtu analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu.

"Ni shina hilo tu?"

"Shina tu? Safu nzima! Safu yote aliyoipanda Mama kando ya uzio imefyekwa kama majani ya ng'ombe. Yuko wapi huyo mpumbavu?"

Sikuhitaji kuuliza ilikuwaje. Mume wangu Tiopira huwachukua watu wa mjini akawafundisha kuishi porini, wawashe moto, wasokote kamba, walale kwenye vibanda vya matawi. Kundi la jana lilikuwa linajifunza kusokota kamba za harakeke. Yeye alikuwa ameondoka alfajiri kupanda bonde la Mangapuke, kuandaa kambi ya kundi lijalo.

"Yuko juu huko. Atarudi jioni."

"Jioni mbali. Namfuata."

Nikavaa koti la mvua nikamfuata, maana nilihofia akimkuta peke yake atamzamisha mtoni. Njia nzima hakunyamaza. Alimkumbuka Tiopira alipovunja jembe la mjomba, Tiopira alipomuuza farasi ambaye hakuruhusiwa kumuuza, Tiopira alivyoweka picha yake kwenye mtandao amejifunga majani kichwani kama mtu aliyepotea. Mimi nilikuwa naitikia tu. Picha ile hata mimi nilikuwa naichukia.

Tulimkuta chini ya maporomoko mapya ya udongo, amelala kwenye kokoto ukingoni mwa kijito. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi.

"Dada! Mungu mkubwa! Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Umejuaje?"

"Sikujua. Sikuja kukuokoa, nimekuja kukutukana."

Na kweli akamtukana. Alisimama ndani ya maji, mikono kiunoni, akamporomoshea yote aliyoyabeba tangu nyumbani, na Tiopira amelala pale ametumbua macho, uso umekuwa kama majivu. Nikashindwa kuvumilia.

"Pirihira! Yaangalie hayo maji!"

Kijito kilikuwa kimebadilika rangi. Huko milimani mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, na kokoto zilizokuwa kavu tulipofika sasa zilikuwa zinalambwa. Tukajaribu kumwinua kwa makwapa. Alipiga ukelele, macho yakageuka, ikabidi tumlaze tena. Simu hazishiki katika bonde lile. Begi lake lenye kamba, turubai na shoka lilikuwa limekwenda na maji. Kilichobaki ni kisu kiunoni mwake.

"Machela," Pirihira akasema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, fupi na kavu. "Wifi, tafuta miti miwili. Usikate mti mzima uliosimama, maporomoko yameangusha mingi."

Nikavuta miti miwili ya manuka iliyong'olewa na udongo, bado imara, nikaivunjavunja matawi kwa miguu. Vijiti vingine tukavifunga kwenye mguu wake, tumevizungushia kuvumwani laini iliyoota mawe­ni ili visimchune. Juu kidogo ya ukingo kulikuwa na kichaka kimoja cha harakeke, si kikubwa. Pirihira akakiendea, akainamisha kichwa, akasema dua ya kabla ya kukata. Hapo hapo mvua ikaanza.

Harakeke haikatwi mvuani. Nalo hilo tunalijua tangu utotoni. Niliona mkono wake umesita.

Tiopira naye aliona. Hata katika maumivu yale hakukosa la kusema. "Mvua hiyo, dada! Sheria zako zimelowa?"

"Nyamaza." Akakata jani la kwanza, la nje, kwa mshazari, kisu kikielekea chini ili maji yasituame kwenye shina. Halafu la pili. Alikata akilia kwa hasira.

"Kata chote!" Tiopira akapiga kelele. "Maji yananifika, wewe unachagua majani kama uko sokoni!"

"Nitakata ya nje."

"Hayatatosha!"

"Basi hayatatosha!"

"Unajifanya mlinzi wa majani ya Mama leo? Mama alipokuwa anaumwa ulikuwa wapi? Mimi na Ngahuia ndio tuliomwogesha. Wewe ulikuwa Brisbane, ng'ambo ya bahari!"

Pirihira akageuka, kisu mkononi. "Ulinipigia simu lini? Niambie! Ulinipigia akiwa amekwisha kufa!"



Mimi nilikuwa nimechoka nao wote wawili. Nilimpokonya Pirihira kisu, nikalishika lile chipukizi la katikati nilikate. Mume wangu alikuwa anazama, na yale yalikuwa majani. Wifi akanishika kifundo cha mkono, akakaza mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

"Vua koti," akaniambia.

"Nini?"

"Koti lako, vua. Na langu."

Akavua lake akiwa na blauzi tu ndani, akageuza mikono ya koti kuelekea ndani, akapitisha miti ndani yake kama soksi, akafunga zipu. La kwangu likafuata. Makoti mawili yakawa kitanda, na yale majani machache tukayachana, tukayasokota kwa viganja, tukafunga vijiti vya kukinga miti isikutane, tukamfunga naye kifuani na mapajani. Maji yalikuwa yanapita chini ya mgongo wake tulipomnyanyua.

Sijui tulivyoupanda ule ukingo. Najua kwamba niliteleza na goti langu likagonga jiwe, na kwamba Pirihira, aliyekuwa mbele, meno yakimgongana kwa baridi, alikuwa anamwambia Tiopira kwa kila hatua kwamba ni mzito kama dhambi. Tulipofika juu nikageuka. Zile kokoto hazikuonekana tena. Tulimbeba mpaka lango la ng'ombe, ambako jirani alitukuta akatupakia kwenye trela la trekta lake.

Tiopira alirudi nyumbani na mguu wa plasta. Pirihira alilala na homa kifua kikikoroma, na alipoweza kusimama akaenda moja kwa moja kwenye uzio na jembe, akaanza kung'oa mashina yaliyooza. Hakuingia kwetu hata kunywa chai. Siku moja mume wangu akachukua magongo yake, akajikongoja mpaka pale. Nilimfuata, maana bado sikuwaamini.

"Sikuwaambia wageni wakate wapi," alisema. "Niliwaachia visu nikaenda kuchemsha chai. Sikutazama."

"Najua hukutazama."

"Hawatakata tena hapa."

"Hawatakata popote usipokuwepo."

"Sawa."

"Tena ile picha uitoe."

"Picha ina kosa gani?"

"Itoe!"

Tiopira akajiegemeza kwenye magongo. Kisha akasema, akitazama chini, "Kuhusu Mama. Nilitaka kukupigia. Alinikataza. Alisema wewe ukimwona vile utaacha kazi, utarudi, na yeye hakutaka. Aliniapisha."

Pirihira akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, maana nami nilikuwepo chumbani siku ile. Akalipiga jembe ardhini mara moja, kwa nguvu zote, mpini ukavunjika. Alikuwa amebeba hasira kwa mdogo wake tangu mazishi, na sasa hasira ile ilikuwa haina pa kwenda ila kaburini, na kaburini hakuna wa kujibu.

"Mwanamke mkaidi," alisema hatimaye. Hatukujua kama anacheka au analia. "Mwanamke mkaidi yule!"

Akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akakiokota kile kipande cha jembe kilichobaki na chuma chake.

"Sogeza hayo magongo yako," akamwambia Tiopira. "Umekanyaga shina lililo hai."