Bima ya Nyumba ya Mama

Msinitazame vibaya. Miaka tisa mdogo wangu Irena alimwogesha mama, akamlisha, akambadilisha mashuka, na mama alipokufa akamwachia nyumba nzima. Mimi Loretta, mtoto wa kwanza, nikaachiwa sahani kumi na mbili za maua. Sahani! Siku ya maziko nilimkumbatia Irena huku moyo unachemka.

Nyumba yenyewe iko upande wa mashariki wa mji wa Buffalo, Marekani, ya mbao, ghorofa mbili, na kuipasha joto msimu wa baridi kunataka mtu mwenye pesa zake. Irena anaosha sinia kwenye jiko la shule. Akahamia chumba kimoja juu ya duka la soseji, akapanga kuiuza nyumba theluji ikishayeyuka, anunue kijumba kisicho na ngazi, maana magoti yamekwisha. Hana mume, hana mtoto, hana akiba. Nyumba ile ndiyo ilikuwa uzee wake.

Sasa, huku kwetu nyumba ikikaa tupu siku sitini, bima ya kawaida haina kazi tena. Lazima ukate bima ya nyumba isiyo na mtu, na masharti yake ni makali. Mimi kazi ya kuuza bima nimeifanya miaka ishirini na sita, kwa hiyo akaja ofisini kwangu, mkononi ana mkate mtamu aliouoka mwenyewe. Nikaula huku najaza fomu.

Nikamsomea masharti mbiombio, kama padri mwenye njaa. Aikague nyumba kila wiki na kutia saini daftarini. Madirisha yawe na komeo. Maji yafungwe tangu kwenye mita, na mabomba yote yamwagwe maji yabaki makavu. Hapo akanyanyua kichwa.

"Dada, mama maji hakuwa akifunga. Baridi ikizidi alikuwa anaacha bomba la jikoni lidondoshe maji kidogo, ili yasigande. Si inatosha hiyo?"

Kila mtu mtaani kwetu hufanya hivyo, tumefundishwa na bibi zetu. Lakini hiyo ni kwa nyumba yenye watu, ambamo sinki likianza kujaa kuna mtu wa kuliona. Kwenye nyumba tupu ni balaa tupu, na mimi nililijua hilo vizuri. Kilichotakiwa ni neno moja, hapana. Nikaitazama mikono yake, ile iliyomwogesha mama, nikazikumbuka sahani zangu.

"Mama aliijua nyumba yake," nikamwambia. "Tia saini hapa."

Si uongo, au vipi? Akatia saini, akanibusu shavuni, akasema ana bahati kuwa na dada anayejua mambo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimejibanza kwenye kola.

Januari ikaja na baridi ya kukata masikio. Irena alikwenda kila Jumapili baada ya misa, hakukosa hata moja. Jumapili ya tatu akakuta bomba la maji machafu limeganda ukutani. Sinki lilikuwa limejaa na kufurika, maji yakashuka chini na kuizima mashine ya joto, na baada ya hapo kila bomba likapasuka. Sakafu ilikuwa barafu, dari imelala mezani. Wataalamu wakasema nyumba haifai, ibomolewe.

Kampuni ikakataa kulipa, kwa kuwa maji hayakufungwa. Irena akapinga, na mkaguzi wa kampuni, mama mmoja mpole, akaja naye ofisini kwetu. Akaeleza kwamba kama mimi nilimwambia kuacha bomba lidondoshe kunaruhusiwa, basi kosa ni la ofisi na Irena atalipwa yote. Akataka kujua kama kweli Irena aliniuliza.

Irena akanigeukia. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mwambie, dada. Nilikuuliza habari za bomba, ukasema mama aliijua nyumba yake. Si unakumbuka?"

"Sikumbuki," nikasema.

Akakunja uso, anatafuta kichwani. Nilimwona anatafuta. Kisha mabega yakashuka.

"Basi nitakuwa niliwaza tu," akamwambia mkaguzi. "Tangu mama afe kichwa changu hakiko sawa. Kama ningemuuliza, dada yangu angeniambia."

Mkaguzi akafunga faili. Pale mlangoni Irena akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, dada. Nusura nikuponze kazini."

Nikamwambia asijali. Nikamvalisha koti, nikamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, maana nje kulikuwa na upepo na alikuwa anakwenda kwa miguu.