Kiungo cha Lifti

Clive Hatherly, mkuu wa maabara yetu, alilamba krimu ya keki kwenye kidole gumba, kisha kwa kidole hichohicho akakishika kipande cha chuma cha majaribio nilichokuwa nimekisugua asubuhi nzima mpaka kikang'aa kama kioo. Alama ya mate na sukari ikabaki juu yake.

"Umeona, Glenys? Ufa unatambaa kama kobe. Kiungo cha lifti kimepita mtihani."

Kweli, katika kipande kile ufa ulikwenda kwa taabu. Chini ya hadubini ungeuona ukifika kwenye mpaka wa punje moja ya chuma, ukasita, ukapinda, ukatafuta njia. Lakini bamba la chuma lililobanwa kati ya rola mpaka likawa bapa lina nyuzi kama kuni. Kuzikata nyuzi za kuni katikati ni jasho. Kuipasua kuni kwa kuzifuata ni pigo moja tu. Vipande vya majaribio Clive alivikata ili nyuzi ziuzuie ufa. Kiungo chenyewe, kile kinachoishikiza lifti ya mgodi kwenye kamba yake, kilikatwa upande wa pili, kwa kuzifuata nyuzi, ili bamba litoshe. Humo ufa ungepata barabara ya lami.

"Kata vingine, kwa upande uleule wa kiungo," nilimwambia.

"Wee Glenys, lifti imelala wiki nzima. Unataka wachimbaji wazeekee huku juu?"

"Kaka yangu Ross anashuka na lifti hiyo."

"Basi mpongeze, anarudi kazini." Akajikatia keki nyingine.

Mjinga ningemsamehe. Huyu ndiye aliyenifundisha kuzisoma nyuzi za chuma, miaka ile nilipokuwa mgeni wa hadubini. Alijua, na bado alikuwa anatafuna. Nilikwenda kunawa mikono ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Hapa Kalgoorlie, katika mgodi wetu, aliyekipitisha kifaa cha lifti ndiye anayeshuka wa kwanza, peke yake, zamu nzima ikimtazama. Nilijipa moyo kwamba woga ungemfanyia kazi ambayo dhamiri imeikataa. Asubuhi iliyofuata Clive aliingia kwenye lifti huku akipiga mluzi. Ante Jurkovich, mpiga kengele ambaye bila ishara yake lifti haiendi, akaivuta kamba ya kengele. Bosi akazama, akarudi, akatoka na mikono hewani. Watu wakampigia makofi.

Ndipo nilipoelewa. Chuma hakifi siku ya kwanza. Huchoka kwa kupanda na kushuka, ufa ukila kidogo kidogo, haba na haba, mpaka siku ambayo hakuna anayepiga makofi. Wazee waliotuachia desturi ile walitaka kumnasa mwoga. Mtu mwenye elimu ya Clive aliipita kama mlango wazi.

Ross alikuwa mbele ya foleni, mguu mmoja tayari ndani.

"Dada, mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

Nilikwenda nikasimama mlangoni mwa lifti.

"Clive, shuka tena. Na kina Ross safari hii."

"Hilo tu? Haya, sogea."

"Na jioni pia. Na kesho. Kila zamu ikishuka, nawe umo, mpaka siku kiungo hiki kitakapotolewa."

"Bosi atarudi na misuli ya mchimbaji!" mmoja akapiga kelele, na foleni yote ikaangua kicheko. Clive naye alicheka. Kisha kicheko chake kikakwama. Macho yake yalipanda juu ya lifti, hadi kwenye kiungo, yakaganda hapo. Mmoja baada ya mwingine, wachimbaji nao wakainua nyuso zao kutazama alikotazama.

"Nina kazi ofisini," alisema, bila kumtazama mtu.

Ross alirudisha mguu wake nje. Ante aliiachia kamba ya kengele, akavuta kiti, akaketi.