Choo cha Dada Mwanaisha

Mzee Hiza wa Kwedizinga alikuwa mtu wa maneno mengi na mahindi machache, lakini mgeni hakutoka kwake na njaa. Ndivyo alivyokuwa na babu yake, yule aliyechinja jogoo wa pekee kwa ajili ya mtu aliyesimama tu kuulizia njia ya Kwamsisi. Lakini ya jogoo tuyaache, tusije tukapotea na sisi.

Siku hiyo alikuja mwalimu Hilaria kutoka Korogwe, kwenye shule anayosoma Chausiku, mjukuu wa Hiza. Shule ile ina undugu na shule moja ya Denmaki. Mwaka jana watoto wa huku walikwenda kule, Chausiku akiwemo, wakalala majumbani mwa watu. Sasa ilikuwa zamu ya wale kuja.

"Mzee, binti atakaa kwako siku tano," mwalimu akasema. "Chakula sina wasiwasi. Ila choo..." Akatupa jicho kule chini nyuma ya migomba, kwenye shimo lililozungushiwa majani. "Apate cha kukaa, chenye mlango."

"Kitakuwepo, mwalimu."

Na kikawepo, kwa siku kumi tu! Matofali alifyatua mwenyewe, simenti na sinki la kukaa alileta mwanawe Abdi kwa bodaboda, jirani yake Shukuru akamsaidia kusimamisha mlango wa bati. Hatua kumi toka barazani. Hiza akapiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

"Asiingie mtu. Hiki cha mgeni."

Dada yake Mwanaisha alikuwa amekaa hapo barazani, anasikia. Huyu ndiye aliyemlea Hiza, maana mama yao alifariki mtoto hajaota meno. Sasa magoti yake yamekufa. Kule shimoni kuna mti umechimbiwa. Anaushika huo, anashuka polepole kama ng'ombe anayelala, na kuinuka ndiyo kazi zaidi. Miaka miwili alikuwa anaomba, "Hiza mdogo wangu, nitengenezee hata kiti chenye tundu." Na Hiza anajibu, "Tukivuna, dada." Wakavuna. Wakavuna tena.

Siku ile bibi alisema neno moja tu: "Mlango unang'aa, hata kuku watajitazama."

Hiza akacheka, akaurudisha ufunguo ndani ya shati.

Mgeni akafika, Signe jina lake, mrefu, mpole, shikamoo ameshaijua. Akala ugali kwa mkono, akapepeta mahindi yakamwagika yote, watu wakacheka naye. Akitaka kujisaidia, Hiza anavua ufunguo anampa kwa mikono miwili. Na kila alfajiri Mwanaisha anapita pale mlangoni na fimbo yake, anateremka migombani. Hiza anamwona. Anageukia jembe lake, anagongagonga mpini ambao haujalegea.

Siku ya tano wazazi wakaitwa Korogwe kuwaaga wageni. Mwanaisha naye alipakiwa kwenye gari la shule, akaketishwa mbele kabisa. Signe akasimama kushukuru, Chausiku anatafsiri. Katikati Chausiku akamtazama babu yake. Halafu akayasema yote.

"Anamshukuru bibi Mwanaisha. Anasema bibi yake kule naye magoti mabovu, na choo cha kukaa ndani ya nyumba ni chake kwanza. Kwa hiyo alipoona chetu alijua kimejengwa kwa ajili ya bibi. Halafu akaona bibi anateremka shimoni kila alfajiri, akaelewa kwamba amemwachia yeye. Anasema wema huo hajawahi kuuona."

Makofi yakapigwa. Mikono ya Hiza ilikataa kukutana. Shukuru akamwinamia sikioni: "Kumbe tulimjengea bibi? Mbona hukuniambia?"

Mwanaisha akainuka kwa fimbo, watu wakatulia.

"Mwambieni mjukuu wangu wa Denmaki akaribie tena. Huyu mdogo wangu alinijengea, nami nikaona mgeni atangulie. Ananijali sana mdogo wangu."

Makofi tena. Hiza akainamisha kichwa. Aliona heri dada yake angemtukana, tena kwa Kizigua, watu wote wasikie. Tusi angelijibu. Sifa zile angezijibu nini?

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Hiza akavua kamba ya ufunguo shingoni.

"Dada, chukua."

"Si cha mgeni hiki?"

"Dada, nisamehe. Nimekuaibisha."

"Mimi?" Bibi akamtazama. "Hiza, umenikojolea mgongoni miaka miwili. Kidume kizima! Nilimwambia nani? Nilikuwa nasema nimelowana kisimani. Leo ndiyo nikuumbue mbele za watu?"

Akachukua ufunguo, akaenda zake, akafungua, akaingia. Hiza akabaki amesimama uani, hana pa kuiweka mikono. Muda ukapita. Kisha sauti ikatoka ndani:

"Hiza! Humu hamna pa kushikia. Nainukaje?"

Hakuwa amewaza hilo. Alikuwa amejengea miguu ya binti wa miaka kumi na sita.

"Nakuja, dada!"

Akamwita Chausiku aingie kumwinua bibi yake. Yeye akabeba jembe, akateremka migombani kwenda kuung'oa ule mti wa kushikia. Njia ilikuwa ndefu, na ina mteremko mkali. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuona.