Kiganja Juu ya Kihisi

Shemeji yangu alikuwa mwembamba tangu zamani, lakini dada yangu, mkewe, alipopanda mlimani, yeye alikonda mpaka nikawa naogopa kuwasha feni karakanani.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vioo. Mimi naunga waya, yeye anaandika programu. Tunatengeneza vidude vidogo kama kiberiti, kila kimoja na redio yake, betri, na vihisi vya joto na mwanga. Ukishakitega mahali, kinalala fofofo. Saa ikitimia kinaamka, kinarusha namba zake kwa mwenzake, naye kwa mwenzake, hadi zitue kwenye kompyuta yetu. Kisha kinalala tena. Kikikesha, betri inakwisha.

Dada ndiye aliyekwenda kuvitega na kuvichunga msimu mzima. Huko juu simu ni kioo cha kujitazamia tu. Basi mtu na mumewe wakapatana: saa sita mchana, jua likiwa utosini, dada ataweka kiganja juu ya kidude cha mlangoni kwake. Huku namba ya mwanga itaanguka hadi sifuri. Hiyo ndiyo salamu.

"Shemeji, mimi shuleni nilipewa sifuri tele," nilimwambia, "hakuna hata moja iliyokuwa ya mapenzi."

"Nyamaza, inakaribia."

Sifuri ikija, anakula. Isipokuja, chakula changu kinaongezeka.

Lakini salamu moja kwa siku haikumtosha. Asubuhi moja nikamkuta anarusha programu mpya: kidude kiamke kila dakika.

"Utakiua hicho."

"Leo tu. Nataka kujua kama kuna baridi mlangoni kwake."

Akaganda mbele ya kioo cha kompyuta. Wingu likipita mlimani, yeye anakunja uso. Kivuli kikapita, akaruka kitini. "Ametoka nje!"

"Au ni mbuzi."

"Mbuzi gani anatembea kwa madaha hivyo? Huyo ni dada yako."

Leo ikazaa kesho, kesho ikazaa wiki, na namba zikakatika. Betri imekufa. Saa sita ikafika, kioo kitupu.

"Ameweka mkono," shemeji akasema taratibu, "na mimi sioni."

Nikaacha waya zangu, nikavuta kiti kando yake. Hata mimi nilizizoea zile sifuri; ni dada yangu yule.

Tukampa dereva anayepeleka vyakula mlimani betri mpya na maelezo. Tatizo ni kwamba kidude hakisahau programu kwa kukosa betri. Kikifufuka kitaendelea kukesha, mpaka shemeji mwenyewe aamuru kilale.

Siku dereva alipofika juu, namba zikaibuka asubuhi, moja, nyingine, nyingine. Joto kumi na moja. Mwanga, kivuli, mwanga. Ni dada, amesimama pale pale. Kidole cha shemeji kikaelea juu ya kitufe cha kukilaza.

"Acha nimtazame kidogo."

"Shemeji."

"Kidogo tu, bwana."

"Betri nyingine inakuja mwezi ujao."

Akafumba macho, akabonyeza. Kioo kikanyamaza. Tangu hapo hadi saa sita alifagia karakana nzima, hata chini ya miguu yangu.

Saa ikatimia. Mwanga: sifuri. Joto: thelathini na moja.

"Kihisi kimeharibika," nikasema. "Mlima gani huo wenye joto hilo?"

Akatikisa kichwa. "Ni joto la kiganja. Hicho hakipati moto mara moja. Ameuacha mkono pale muda mrefu. Aliuweka mapema, akawa anangoja."

Mezani kulikuwa na kidude kipya, hata antena sijakifungia. Shemeji akakivuta, akaweka kiganja juu yake.

"Namba za hicho hazifiki popote, shemeji."

"Najua," akasema. Mkono hakuuondoa.